Homoni zimevurugika? Jua ni ipi, upime saa ngapi na uishi nayo vipi

Siku hizi kila kitu ni homoni. Umenenepa, homoni. Umekonda, homoni. Nywele zinakatika, usingizi hamna, chunusi zimerudi ukubwani, hamu ya tendo imekata, zote homoni. Mtu anaambiwa "homoni zako zimevurugika", anaandikiwa vipimo lundo kwa mpigo, majibu yakitoka yana nyota nyekundu mbili tatu na hakuna anayejua aanze na ipi. Sasa niseme mapema kabisa, "homoni zimevurugika" sio ugonjwa. Ugonjwa una jina la tezi, una jina la homoni, na una uelekeo, yaani imezidi au imepungua. Kama aliyekwambia hajakutajia hivyo vitatu basi bado hujapewa jibu, umepewa maneno.

Na kitu kingine ambacho watu hawakipi uzito: vipimo vingi vya homoni vinaharibika kabla hata damu haijafika kwenye mashine, kwa sababu imetolewa saa mbaya au mgonjwa anatumia kitu ambacho hakukitaja. Ndo maana karibu nusu ya mwongozo huu ni maandalizi tu. Usiruke ukakimbilia kwenye dawa.

Hatua ya 1: Panga dalili kwa kundi, usiangalie moja moja

Uchovu peke yake hautuambii kitu. Uchovu ni damu kupungua, ni kukosa usingizi, ni msongo, ni sonona, ni mimba changa, ni mambo mia. Uchovu unaanza kuwa na maana ukikaa na wenzake. Chukua karatasi andika kila ulichoona kwenye miezi sita iliyopita na kimeanza lini, alafu tazama kinaangukia wapi:

Kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara kwa mara, macho kuona ukungu, kukonda na huku unakula, hapo fikiria sukari. Ngozi nyeusi nene inayofanana na uchafu usiotoka shingoni na kwapani ni dalili kwamba mwili unaikataa insulini, hata kama sukari yenyewe bado haijapanda.

Kusikia baridi wenzako wakiwa sawa, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, moyo kupiga polepole: thairoidi (tezi ya mbele ya shingo) imelala. Hapa kuna jambo linauma kidogo lakini acha niliseme, thairoidi iliyolala huongeza kilo chache tu na sehemu kubwa ni maji na chumvi, kwa hiyo kama umeongezeka kilo thelathini usiitwishe thairoidi mzigo wote. Kinyume chake ni joto na jasho, mikono kutetemeka, moyo mbio, choo cha mara kwa mara, kukonda, macho kutokeza: hiyo imezidi.

Hedhi zinaruka miezi, ndevu kidevuni, chunusi za taya: fikiria PCOS (hali ya yai kutopevuka vizuri na homoni za kiume kuzidi kwa mwanamke). Maziwa kutoka na hunyonyeshi: prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa.

Mbili za mwisho, za kotisoli (homoni ya msongo inayotoka tezi za adrenali juu ya figo), ni adimu zaidi ila zikikosewa zinaua. Kotisoli ikizidi, uso unajaa na kuwa mwekundu, tumbo linakua ila mikono na miguu inakonda, michubuko inatokea bila kugongwa, na unashindwa kuinuka ukichuchumaa bila kujishika mahali. Michirizi ya tumboni kila mtu anayo, inayotutia wasiwasi ni ya zambarau yenye upana unaozidi sentimita moja. Kotisoli ikipungua ni kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama, hamu ya chumvi isiyo ya kawaida, na ngozi kuwa nyeusi. Kwa mtu ambaye tayari ni mweusi weusi huo unajificha, kwa hiyo usitazame uso, fungua kiganja utazame ile mistari, inua mdomo utazame ufizi, tazama makovu mapya na viungo vya vidole. Mistari ya kiganja ikiwa imeingia weusi ambao zamani haukuwepo, mwambie daktari kwa maneno hayohayo.

Hatua ya 2: Orodhesha kila unachoweka mwilini

Kila kitu, hata kile unachoona aibu kukitaja. Hivi ndo vinavyodanganya sana:

Steroidi (dawa zinazoiga kotisoli) za aina yoyote. Prednisoloni, deksamethasoni, sindano za kwenye goti au bega, dawa za kuvuta za pumu za dozi kubwa, krimu za kujichubua (nyingi zina klobetasoli ndani, hata kama kopo halijaandika), na dawa za asili za maungo au za kunenepesha ambazo mara nyingine zimechanganywa na steroidi kimyakimya. Hizi zinaweza kukupa sura ya mtu mwenye kotisoli nyingi huku tezi zako zenyewe zimelala fofofo, na ukiacha ghafla unaanguka. Tutarudi hapa.

Biotini. Hii ipo kwenye vidonge vya nywele na kucha, mara nyingi mikrogramu 5000 mpaka 10000 kwa siku wakati mwili unahitaji kama 30 tu. Mashine nyingi za maabara zinatumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, kwa hiyo ikijaa kwenye damu TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi) inaweza kutoka chini kwa uongo na T4 (homoni ya thairoidi yenyewe) juu kwa uongo, yaani karatasi inasema una thairoidi iliyozidi na wewe huna ugonjwa wowote. Iache angalau siku mbili kabla ya kupima, na kama dozi ni kubwa sana waulize maabara au daktari, inaweza kuhitaji zaidi.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni: vinapandisha T4 ya jumla na kotisoli ya jumla, na vinaficha kabisa homoni za kiume. Sindano ya uzazi wa mpango inaweza kukata hedhi yenyewe, usije ukaambiwa PCOS kumbe ni sindano. Dawa za kichefuchefu kama metoklopramidi na domperidoni, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili, zinapandisha prolaktini. Amiodaroni ya moyo na lithiamu zinagusa thairoidi. Na usiache dawa uliyoandikiwa eti ili kipimo kitoke vizuri, wewe itaje tu, anayejua ataamua.

Hatua ya 3: Pima saa yake

Kotisoli inapanda alfajiri na kushuka usiku wa manane, kwa hiyo kama unatafuta upungufu damu itoke karibu saa mbili asubuhi. Kotisoli iliyopimwa saa tisa mchana ikatoka "chini" haina maana yoyote, na watu wameanzishwa dawa kwa majibu kama hayo.

Testosteroni ya mwanaume: asubuhi, kabla ya kula, na ikitoka chini irudiwe siku nyingine kabla hamjaanza kuongea habari za matibabu. Usipime wiki uliyotoka kuugua.

Prolaktini inapanda na mshtuko, na mazoezi makali, hata na ule wasiwasi wa sindano. Ikipanda kidogo tu, kaa utulie nusu saa, irudiwe. Na kwa mwanamke pima mimba kwanza, tafadhali, hii inasahauliwa mpaka inachekesha.

Sukari ya kufunga ni masaa nane bila chochote isipokuwa maji. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) haihitaji kufunga, ila ina mitego yake nitaitaja chini. TSH haihitaji kufunga, lakini kama uko kwenye levothairoksini (kidonge cha thairoidi) toa damu kabla hujameza kidonge cha siku hiyo. Na usipime thairoidi ukiwa umelazwa mahututi kwa ugonjwa mwingine kama hakuna sababu ya msingi, mwili ukiumwa sana unavuruga namba hizo wenyewe na zinarudi ukipona.

Hatua ya 4: Soma majibu kwa jozi

Hapa ndo pa kutulia. Tezi nyingi zina bosi, pituitari, kitezi kidogo chini ya ubongo, na bosi anatuma homoni yake kuiamrisha tezi. Mfanyakazi akizembea bosi anapaza sauti, mfanyakazi akizidisha bosi ananyamaza. Kwa hiyo namba moja peke yake haikuambii nani mwenye kosa, unahitaji ya bosi na ya mfanyakazi kwenye damu hiyohiyo.

Mfano, karatasi imetoka TSH 22 (hiyo ndo ya bosi), T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini kwenye damu, iko chini. TSH kawaida ni kama 0.4 mpaka 4.0 kutegemea maabara. Bosi anapiga kelele, mfanyakazi hatoi kitu: tezi yenyewe ndo mbovu, thairoidi imelala. Karatasi ya pili, TSH chini ya 0.01 na T4 huru juu: tezi inajiendesha bila kuamrishwa. Karatasi ya tatu ndo inayowapita watu wengi: T4 huru iko chini na TSH ni 1.5, haina nyota, inaonekana nzuri tu. Hapana. T4 ikiwa chini hivyo TSH ilitakiwa iwe juu, kama ipo "kawaida" basi bosi mwenyewe anaumwa, na hapo mtu anahitaji kuchunguzwa pituitari yote, pamoja na kotisoli, kabla ya kuanza kidonge cha thairoidi. Kabla, sio baada. Ukimpa thairoksini mtu ambaye hana kotisoli unaweza kumtumbukiza kwenye hali ya hatari.

Karatasi ya nne ni TSH 6, T4 huru nzuri. Hii usikimbilie dawa. Irudie baada ya miezi miwili mitatu, maana nyingi zinarudi zenyewe. Kama una mimba au unatafuta mimba mazungumzo ni tofauti, usingoje.

Mantiki hiyohiyo inafanya kazi kwa testosteroni na bosi wake LH, kwa kotisoli na bosi wake ACTH. Ukiielewa hii hutatishwa tena na nyota.

Hatua ya 5: Sukari

Namba za kugundua ni hizi: sukari ya kufunga milimoli 7.0 kwenda juu (126 kwa wanaotumia miligramu), au masaa mawili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi 11.1 kwenda juu (200), au HbA1c asilimia 6.5 kwenda juu. Kama huna dalili yoyote, jibu moja halitoshi, lithibitishwe na lingine. Kama una dalili zote na sukari ya muda wowote imetoka 11.1 au zaidi hapo hamna haja ya kuzunguka.

HbA1c inasoma sukari iliyojibandika kwenye seli nyekundu kwa miezi miwili mitatu, kwa hiyo kitu chochote kinachobadilisha umri wa seli kinaipotosha. Sikoseli, kuongezewa damu karibuni, kutokwa damu nyingi, mimba, figo kufeli. Mtu mwenye sikoseli akaonyeshwa HbA1c 5.0 akapongezwa, wakati mashine ya kidole nyumbani inasoma 13. Amini kidole.

Alafu aina. Tunapenda kudhani mtoto ni aina ya kwanza na mtu mzima ni ya pili, lakini mtu mzima mwembamba ambaye vidonge vimemshinda mapema na anazidi kukonda anaweza kuwa aina ya kwanza inayokuja polepole, apimwe kingamwili za GAD (zinazoonyesha mwili unashambulia kongosho lake) na asinyimwe insulini kwa sababu ya umri wake.

Kuishi nayo. Metfomini anza kidogo, miligramu 500 pamoja na chakula, panda taratibu wiki kwa wiki. Wengi wanaoikimbia kwa sababu ya kuharisha walianzishwa dozi kubwa siku ya kwanza, na ipo ya kuachia taratibu ambayo tumbo linaivumilia zaidi. Ukiitumia miaka pima vitamini B12, hasa kama miguu inachoma, maana ganzi hiyo inaweza isiwe ya sukari.

Lengo la HbA1c kwa watu wazima wengi ni kama asilimia 7. Kwa mzee anayeishi peke yake au mwenye magonjwa mengine kulegeza mpaka karibu 8 sio uzembe, kushusha sana ndo hatari, anguko moja la usiku likavunja nyonga.

Insulini. Ambayo hujaifungua ikae nyuzi 2 mpaka 8 na isigande kamwe, ikiganda tupa hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri. Uliyoifungua nyingi zinakaa nje ya friji kama wiki nne mahali pasipo na joto kali, andika tarehe kwenye kichupa kwa kalamu siku unayofungua. Na hili hakuna anayeambiwa: pitisha vidole tumboni pale unapochoma kila siku, bonyeza taratibu. Ukikuta uvimbe laini wa mafuta ambao hauumi, umechoma hapo mno, na insulini ukiichoma hapo inaingia inapotaka, leo kidogo kesho nyingi, na wewe unapandisha dozi ukidhani sukari ni kaidi. Hama. Ila ukihama kwenda kwenye ngozi nzima ongea kwanza na anayekuhudumia maana dozi ileile inaweza kukushusha ghafla.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 (70), unatetemeka, jasho baridi, njaa, hasira zisizo na sababu: gramu 15 za sukari ya haraka, kama kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado rudia. Ikipanda ndo ule chakula. Kama mtu amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mkimbize hospitali au achomwe glukagoni (sindano ya kupandisha sukari) kama ipo. Na aliyeshuka kwa glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asiachwe aende zake baada ya kuamka, dawa hiyo inakaa mwilini muda mrefu, atashuka tena.

Mara moja kwa mwaka: macho yatazamwe kwa kupanuliwa mboni, mkojo upimwe albumini, damu ipimwe figo, miguu iguswe kwa uzi maalumu. Miguu wewe itazame kila jioni mpaka katikati ya vidole. Presha nayo isifichwe nyuma ya sukari, ndo inayomaliza figo na moyo kimyakimya.

Hatua ya 6: Thairoidi

Iliyolala inatibiwa na levothairoksini, na kusema kweli dawa yenyewe ni rahisi, tatizo ni jinsi inavyomezwa. Tumbo tupu, maji matupu, nusu saa mpaka saa zima kabla ya kifungua kinywa. Kahawa isubiri. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali masaa manne. Kama asubuhi zako ni vurugu meza usiku kabla ya kulala, angalau masaa matatu baada ya kula, chagua moja na ushike hiyo. Nikiona mtu dozi imepandishwa mara tatu na TSH bado iko juu, sipandishi ya nne, naomba anionyeshe anavyomeza. Mara nyingi kidonge kinaenda pamoja na kile cha kuongeza damu.

Dozi kamili kwa mtu mzima ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, lakini mzee au mwenye moyo mbovu anaanza na 12.5 au 25 na kupanda polepole. TSH irudiwe baada ya wiki 6 mpaka 8, sio wiki mbili, T4 inachukua kama siku saba kupungua nusu na bosi naye hana haraka ya kushtuka. Ukigundua una mimba na tayari unatumia dawa, mahitaji yanapanda mapema, wengi wanaelekezwa kuongeza vidonge viwili kwa wiki palepale huku wanatafuta kipimo. Mpigie daktari siku hiyo, usingoje kliniki ya wiki 12.

Iliyozidi kwanza tafuta sababu. Kubwa ni Graves, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaichochea tezi, inathibitishwa na kingamwili za TRAb. Nyingine ni vinundu vinavyojiendesha, na nyingine ni tezi iliyovimba tu ikamwaga homoni yake yote, hii inaisha yenyewe ndani ya miezi na ukiipa dawa ya kuzuia utengenezaji haisaidii kwa sababu haitengenezi, inavuja. Kwa Graves kuna kabimazoli au methimazoli, na propranololi ya kutuliza moyo na mtetemo wakati unasubiri. Onyo moja ambalo liandikwe kwa wino mwekundu: ukiwa kwenye dawa hizi ukapata homa na koo kuuma au vidonda mdomoni, acha kidonge na uende ukapimwe seli nyeupe siku hiyohiyo. Ni adimu lakini seli nyeupe zinaweza kuisha kabisa, na watu wanakunywa dawa za koo nyumbani. Miezi mitatu ya kwanza ya mimba hutumika propilithiourasili badala yake. Anayevuta sigara na macho yameanza kutoka aache, sigara inaharibu macho hayo zaidi.

Kinundu shingoni: vingi sio saratani. Ultrasaundi na TSH kwanza, na kama picha inatia shaka sindano nyembamba ichukue seli. Kinachokua haraka, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza kwa shida, hivyo visisubiri.

Hatua ya 7: Hedhi zinazoruka na PCOS

Dada akionyesha ultrasaundi yenye "vifuko vingi" anaambiwa papo hapo ana PCOS. Picha peke yake haitoshi. Kwa vigezo vya Rotterdam vya 2003 unahitaji viwili kati ya vitatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye muonekano huo (mwongozo wa kimataifa wa 2023 umekubali AMH, homoni ya ovari inayopimwa kwenye damu, badala ya picha kwa watu wazima). Kwa binti mdogo ambaye hajamaliza miaka minane tangu avunje ungo picha isitumike, ovari zake ndivyo zilivyo umri huo. Na kabla ya kubandika jina toa wanaofanana nayo: mimba, TSH, prolaktini, na 17-OH projesteroni ya asubuhi (ya kutafuta tatizo la kurithi la adrenali). Sauti ikizama na ndevu zikaja kwa kasi ndani ya miezi, hiyo sio PCOS mpaka uvimbe uondolewe shaka.

Matibabu yanategemea unataka nini. Hutaki mimba sasa hivi: vidonge vya uzazi wa mpango vinapanga hedhi na kupunguza ndevu, ila ndevu zinachukua miezi sita kuonyesha tofauti, usiache mwezi wa pili. Unataka mimba: letrozoli ndo ya kwanza kwa kupevusha yai. Metfomini inasaidia upande wa sukari. Kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kama umezidi kunaweza kurudisha hedhi, nasema kunaweza, kwa sababu wapo wembamba wenye PCOS na kuwaambia "punguza uzito" ni kuwatukana. Hata kama huna shida nyingine, usikae zaidi ya miezi mitatu bila hedhi na bila dawa ya kukinga, ukuta wa mji wa mimba unajijenga bila kumwagwa na miaka ikipita unaweza kugeuka saratani. Na sukari ipimwe kila mwaka mpaka miaka mitatu kutegemea hatari yako.

Hatua ya 8: Kotisoli

Kwanza tufute "adrenali zilizochoka". Endocrine Society ya Marekani inasema hakuna ushahidi wa ugonjwa huo, na baadhi ya vidonge vinavyouzwa kuutibu vimekutwa na homoni ndani.

Ukishuku imezidi, kotisoli ya kawaida ya asubuhi haithibitishi. Vipimo ni kotisoli ya mate ya usiku, ya mkojo wa masaa 24, au kumeza deksamethasoni miligramu 1 saa tano usiku na kutoa damu saa mbili asubuhi: ikishindwa kushuka chini ya 50 (nanomoli) inaendelea kuchunguzwa. Lakini ukweli ni kwamba chanzo cha kawaida kuliko vyote ni zile steroidi za hatua ya 2.

Na hapo ndo tunarudi. Umetumia steroidi zaidi ya wiki tatu nne, au umepaka krimu kali mwili mzima miezi na miezi, usiache kwa siku moja. Tezi zimelala, zinahitaji kuamshwa kwa kupunguza taratibu chini ya daktari.

Upungufu wa kweli, aliouelezea Thomas Addison huko London mwaka 1855 (wagonjwa wake wengi walikuwa na TB, ambayo bado ni chanzo mpaka leo), unathibitishwa kwa sindano ya Synacthen (inayozisukuma adrenali kutoa kotisoli) na kutibiwa kwa haidrokotisoni miligramu 15 mpaka 25 kwa siku ikigawanywa mara mbili tatu, nyingi asubuhi, pamoja na fludrokotisoni ya kushika chumvi mwilini. Kumeza ni kwa maisha yote.

Hatua ya 9: Zilizobaki, kwa ufupi

Testosteroni ya kuchoma inazima mbegu. Mwanaume anayetafuta mtoto asichomwe eti kuongeza nguvu. Kalsiamu juu pamoja na mawe ya figo: pima PTH (homoni inayopandisha kalsiamu) kwa damu ileile. Umetoka kufanyiwa upasuaji wa thairoidi na midomo na vidole vinafanya ganzi na vidole vinajikunja: kalsiamu imeshuka, rudi hospitali leo. Presha ya ujana isiyosikia dawa pamoja na potasiamu kuwa chini: omba upimwe aldosteroni na renini, zinazosimamia chumvi na presha mwilini. Prolaktini juu sana, kichwa kinauma na unagonga milango kwa sababu huoni pembeni: picha ya MRI ya pituitari.

Hatua ya 10: Mpango wa siku ya kuumwa

Andika huu mpango ukiwa mzima, kwa sababu ukiwa unatapika hutakumbuka.

Mwenye aina ya kwanza ya kisukari: insulini ya msingi haiachwi hata kama hujala kitu, punguza tu kwa maelekezo. Pima sukari kila masaa mawili mpaka manne na ketoni (asidi zinazojaa insulini ikikosekana) kama una stripu. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na kwa kina, pumzi kunuka matunda: hospitali, usisubiri asubuhi.

Mwenye aina ya pili anayetapika au kuharisha na hanywi: metfomini na dawa za kundi la gliflozini (zinazotoa sukari kwa mkojo) zisimame kwanza mpaka ale na anywe vizuri. Gliflozini zinaweza kuleta asidi hatari hata sukari ikiwa 10 tu, kwa hiyo mashine ya kidole isikutulize.

Mwenye upungufu wa kotisoli: homa, zidisha haidrokotisoni mara mbili, ikipita 39 mara tatu, mpaka ipoe. Umetapika kidonge, rudia mara moja, ukitapika tena ni sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 msulini na safari ya hospitali papo hapo. Watu wa nyumbani wafundishwe kuchoma, na kwenye pochi pakae kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: "SINA KOTISOLI. NIPE HAIDROKOTISONI 100 MG SASA HIVI." Mlangoni kwa dharura kadi hiyo inasikilizwa haraka kuliko ndugu watatu wanaoongea kwa pamoja.